Damu Iliyomsingizia Misumari

Walimwita Misumari kwa sababu alikuwa akiifuga mdomoni. Alikuwa mwanamke fundi wa makochi, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na kama mafundi wa zamani wa kazi hiyo alijaza misumari midogo mdomoni, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo, akauchomoa, akaugongelea kwenye mbao, na kabla nyundo haijatulia mwingine ulikuwa umeshatokeza kichwa. Wateja wapya walisimama mlangoni wakimtazama roho mkononi. "Siku ukipiga chafya," walimwambia, "tutakuja kukuzika." Naye hakuweza kujibu, mdomo umejaa, basi aliwajibu kwa nyusi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo. Upande mmoja yalikaa makochi yaliyochunwa, yamebaki mbao na springi kama wanyama walioliwa wakaachwa mbavu. Upande wa pili marobota ya sponji yalipanda hadi darini. Katikati kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa, imechorwa chaki mpaka haijulikani mistari ipi ni ya leo na ipi ya mwaka juzi. Harufu ya gundi ilimkaa kwenye nywele hata akioga mara mbili.

Alipenda kazi ile kwa sababu ya vitu alivyovikuta ndani ya makochi. Vitana, sindano, picha za watu waliokwisha kukosana. Safari moja alikuta meno ya bandia ya babu mmoja aliyekuwa amewatuhumu wakwe zake kwa miaka kwamba wameyaiba. Aliyaosha, akayafunga kwenye kitambaa kizuri, akayarudisha. Yule babu aliyatazama, akatazama pembeni, akasema, "Basi waliyaficha humo."

Misumari aliisimulia hadithi hiyo kwa mwanaume aliyeleta kiti cha mama yake kibadilishwe kitambaa, na mwanaume akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo alikuwa fundi wa lifti. Alishinda ndani ya mashimo ya majengo marefu, akipaka grisi nyaya na kukaza nati, na alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu kazini hakuwa na wa kuzungumza naye isipokuwa mwangwi wake.

"Tunafaana," alimwambia Misumari alipokuja kuchukua kiti. "Mimi napandisha watu, wewe unawakalisha."

Mwaka haukuisha wakaoana. Walipanga vyumba viwili ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani, na mwenye nyumba hakutaka hata kusikia habari ya kuitengeneza. Jirani zao hawakuchoka kuwatania: fundi wa lifti anapanda ngazi kwa miguu, na nyumbani kwa fundi wa makochi mnakalia mkeka. Mama mkwe naye aliwatembelea kila mwisho wa juma, akihema ngazi zote hizo, akifika tu anaita, "Mwanangu, maji!" Mwanangu aliyekuwa akiitwa ni Misumari, siyo yule aliyemzaa.

Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa nne, bila kuanguka wala kunyanyua kitu kizito. Aliamka na maumivu, jioni hakuwa na mimba. Mama mkwe alimkanda mgongo kwa maji ya moto, akamwambia asijitese, wanawake wengi huanza hivyo. Mumewe alikaa kitandani karibu naye, ameshika kifundo cha mguu wa mkewe kana kwamba angekimbia.

Mimba ya pili ilipokuja, alijiandikisha mapema kliniki ya wajawazito. Walichukuliwa damu wote waliokuwa kwenye foleni. Wenzake waliitwa, wakapewa kadi zao, wakaenda. Yeye aliitwa ndani, na muuguzi akafunga mlango.

"Una kaswende," muuguzi alisema, taratibu, kama anayemwonea huruma na kumlaumu kwa wakati mmoja. "Inatibika. Lakini lazima umlete na mumeo."

Misumari alidhani wamemchanganya na mtu mwingine. Aliomba wapime tena, wakapima tena. Ikatoka vilevile.

Alimwambia mumewe siku hiyohiyo, huyu akiwa anasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Mwanaume aliendelea kusugua, hata grisi ilipokwisha. Kesho yake waliandamana kliniki. Damu yake ilitoka safi.

Walipofika kwenye ngazi za jengo lao ndipo mumewe aliposimama.

"Mimi sina," alisema.

"Nimesikia."

"Basi wewe umeitoa wapi?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Angefoka, Misumari naye angefoka, pengine wangefika mahali. Lakini ule upole ulimkata maini. Aliapa. Alimtaja marehemu baba yake. Alimwambia hajawahi kuguswa na mwanaume mwingine tangu azaliwe, kabla yake wala baada yake. Mwanaume alimsikiliza mpaka mwisho, akapanda ngazi, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Sindano zilikuwa za matakoni, dawa nzito kama uji, na kila alipochomwa alirudi kazini akichechemea. Alizimaliza zote. Walipompima tena, ugonjwa ulikuwa palepale, hafifu, haupandi wala haushuki. Wakamchoma upya. Wakapima. Palepale.

"Sikiliza, dada," muuguzi alimwambia, ameinamia meza asimtazame machoni. "Dawa hii haishindwi. Au unaambukizwa upya?"

Kulikuwa na kipimo cha pili, cha kumtafuta mdudu wa kaswende mwenyewe badala ya kutafuta dalili zake tu. Kliniki ile haikuwa nacho, na hakuna aliyefikiria kumtuma mahali kilipo. Majibu yalikuwa yameshasema, na yeye mwenyewe, kwa kuyasikia mara nyingi, alifika mahali pa kujikagua. Alikaa karakanani mikono imelegea mapajani akiwafikiria wanaume wote waliowahi kumpa mkono, walioazima taulo nyumbani kwao, waliokalia viti alivyovikalia. Alijisaka kama askari anavyosaka mtuhumiwa, na hakupata kitu.

Mama mkwe aliambiwa na mwanawe. Hakupiga kelele wala hakumtukana. Ila alipokuja mara nyingine alikuja na kikombe chake mwenyewe, amekifunga kwenye leso. Alikitoa, akakiweka mezani, akanywea maji humo, akakisuuza mwenyewe, akakifunga tena. Wala hakuita "mwanangu" tena. Alisema "huyo."

Mtoto aliacha kucheza mwezi wa saba. Misumari alikuwa amepiga magoti akivuta mkanda chini ya fremu, akatambua ghafla kwamba tangu asubuhi hajapigwa teke hata moja. Alijigusa. Alikunywa maji ya baridi. Alilala ubavu juu ya sponji palepale sakafuni na kusubiri, mkono tumboni, mpaka mwenye duka la vioo alipokuja kumuuliza mbona hasikii nyundo.

Alijifungua mtoto wa kike, mdogo mno hata kwa miezi yake, kimya. Mkunga alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi ile muda mrefu. Aliligeuza kondo la nyuma kwenye beseni, akalibonyeza kwa kidole, akaguna.

"Limekufa vipande vipande," alisema. "Limekuwa gumu kama ini lililokaushwa. Huyu mtoto alikuwa hapati chakula."

"Kwa nini?" Misumari aliuliza.

Mkunga alitazama kadi yake, akasoma lililoandikwa, akaifunga. "Kaswende hufanya hivyo, binti yangu."

Hivyo basi, mbele ya mumewe, ikawa kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto, kwa kitu alichokwenda kukizoa nje. Mwanaume na mama yake walimchukua mtoto, amefungwa kwenye shuka jeupe, wakaondoka naye. Walimwacha Misumari wodini pamoja na wanawake wanaonyonyesha. Mumewe aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo. "Tumeshamaliza," alisema. Misumari aligeukia ukutani.

Hakuna siku waliyoachana kwa ugomvi. Mwanaume alianza kupokea kazi za majengo ya mbali, akawa analala hukohuko, akija nyumbani anakuwa kama mgeni mwenye adabu. Siku moja alikuja kuchukua nguo za baridi, siku nyingine za joto, na Misumari akagundua kabati limebaki na hanga tu. Baada ya muda alisikia ameoa. Baadaye akasikia wana mtoto, halafu wa pili.

Yeye alihamia kwa mdogo wake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, mwanamke mwenye mikono minene na ulimi usio na breki. Huyo hakujua habari ya kaswende. Alichojua ni kwamba dada yake amefiwa na mtoto na kuachwa, na hilo lilimtosha kumchukia fundi wa lifti kwa nguvu zake zote. Misumari alimwacha achukie bila kujua zaidi. Alikuwa tayari kuwa mke aliyeachwa. Kuwa yule mwingine, yule wa kwenye kadi, aliapa hatakuwa mbele ya mtu yeyote tena.

Miaka ilipita hivyo, yeye na makochi yake. Kisha fremu ya kochi la watu watatu ilimponyoka ikamwangukia mguuni, akafungwa plasta ngumu. Plasta ilipotolewa, mguu badala ya kupungua ulianza kuvimba, ukapanda mpaka pajani, ukawa wa moto na kung'aa.

"Dada," mdogo wake alimwambia, ameshika kiuno, "huo mguu ni wako au umeuazima?"

Hospitali kubwa walikuta donge la damu limeziba mshipa. Wakamkabidhi kwa daktari wa magonjwa ya damu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, anayezungumza haraka kwa sababu nje ya mlango wake benchi lilikuwa limejaa. Aliuliza maswali huku anaandika.

"Umewahi kupata donge kama hili kabla?"

"Hapana."

"Mimba zilizoharibika?"

"Moja. Changa."

"Umewahi kupimwa ukaambiwa una kaswende?"

Misumari alihisi masikio yanawaka moto. Mlango ulikuwa nusu wazi, na mdogo wake alikuwa nje akimfokea mtu aliyeruka foleni. Tena daktari ndiye huyu, msomi, msafi, na kalamu imesimama hewani ikingoja.

"Hapana," alisema. "Kamwe."

Kalamu iliendelea. Daktari aliona plasta, akaona mguu uliokaa bila kutembea, na hiyo ilitosha kuwa sababu. Alimwandikia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Misumari aliimeza kwa utiifu, ufizi ukivuja damu kila alipotafuna kitu kigumu, na muda ulipokwisha daktari akamwambia aache, mguu umepona.

Na kweli mguu ulikuwa umepona.

Kiharusi kilimkuta kazini, asubuhi yenye jua, mlango wa karakana umefunguliwa wazi. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amekuja kuulizia kiti chake. Misumari alikuwa amekiinamia, nyundo mkononi, mdomo umejaa kama kawaida. Mwalimu alimwona anainua nyundo, halafu nyundo inabaki palepale hewani, halafu inadondoka. Kisha misumari ikaanza kumtoka mdomoni upande wa kulia, mmoja mmoja, kama mate ya mtoto aliyelala, ikigonga sakafu.

"Misumari, unanitania?" mwalimu aliuliza.

Alitaka kumjibu. Neno alilokuwa nalo kichwani lilikuwa zima kabisa. Lililotoka lilikuwa uji. Akaona mkono wake wa kulia umelala juu ya kiti, akaushangaa kama kitu kilichosahauliwa na mteja.

Mwalimu, Mungu ambariki, hakupoteza muda. Alimlaza, akamwingiza kidole mdomoni akatoa misumari yote iliyobaki, akapiga kelele mpaka watu wa duka la vioo wakaja.

Daktari mwenye miwani ya kamba alikuja wodini baada ya madaktari wenzake wa kiharusi kumwita. Mwanamke ambaye bado hajazeeka, presha haina tatizo, sukari haina tatizo, na bado mshipa wa kichwani umezibwa na donge. Safari hii hakuja na kalamu. Alivuta kiti, akakaa. Mdogo wake Misumari alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika kitambaa cha kumfutia mate.

"Nakuuliza tena mambo ya zamani," daktari alisema. "Jibu kwa kichwa kama maneno yanakusumbua. Mimba ilikuwa moja tu?"

Misumari alifumba macho. Nusu ya mdomo ilikuwa imelala, lakini nusu ilibaki, na kwa nusu hiyo akayasema, akiyasukuma nje moja moja.

"Mbili. Wa pili... miezi saba. Kafia tumboni."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, hilo alilijua.

"Na kaswende?"

"Nilipimwa," alisema. "Ninayo."

Kitambaa cha mate kilisimama. Misumari hakumtazama mdogo wake.

"Ulitibiwa?" daktari aliuliza.

"Sana."

"Ikaisha?"

"Haikuisha. Kila wakipima... ipo. Kidogo."

"Na mumeo?"

"Safi."

Daktari aliivua miwani, akaiacha idondokee kifuani. Alikaa hivyo kidogo akimtazama, kisha akaagiza damu ichukuliwe nyingi, chupa za vifuniko vya rangi tofauti, na akasubiri mwenyewe mpaka mchukuaji alipomaliza.

Majibu yalipotoka hakuyasema yote. Alisema lazima warudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu kinachotafutwa kinaweza kuzuka kwa muda baada ya homa au maradhi mengine kisha kikatoweka, na hataki kumbandika mtu ugonjwa wa maisha kwa kipimo kimoja. "Umeshabandikwa vya kutosha," alisema. Dawa alimrudishia palepale.

Miezi hiyo mitatu Misumari alijifunza kutembea na fimbo, kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, kutamka jina la mdogo wake bila kulivunja. Mdogo wake alimfulia, akamlisha, akamsuka. Habari ya kaswende hakuigusa mpaka siku moja alipokuwa anamfunga kitufe cha blauzi.

"Mimi ungeniambia," alisema. "Hata ingekuwa kweli. Ningekutukana siku mbili, halafu ningekupikia."

Waliporudi kwa daktari, kile alichokuwa akikitafuta bado kilikuwepo, kwenye vipimo vyote vitatu. Daktari aliwaeleza wote wawili kwa lugha ya kawaida, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole.

Mwili, alisema, una kingamwili, ambazo ni askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa watu wachache askari hao huasi, wakaanza kushika vitu vya mwili wenyewe. Wa Misumari walikuwa wakishika protini zinazokaa juu ya mafuta fulani yaliyomo kwenye ngozi za chembe hai za mwili, na popote walipojikusanya damu iliganda ndani ya mshipa bila jeraha lolote. Cha ajabu ni kwamba damu hiyohiyo ikiwekwa kwenye chupa ya maabara inachelewa kuganda kuliko ya watu wengine. "Kwenye chupa inajifanya mvivu," alisema, "mwilini inakimbilia kuua."

"Na kaswende?" mdogo mtu aliuliza.

"Kile kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu wa kaswende. Kinatafuta askari wanaoshika mafuta ya aina hiyo, kwa sababu mwenye kaswende huwa nao. Dada yako anao kwa sababu zake nyingine. Kipimo hakijui tofauti. Nimepima kile kinachomtafuta mdudu mwenyewe, na hakuna kitu. Wala hakuna alama kwamba aliwahi kupita."

Misumari alitafuta maneno. "Kwa hiyo sikuwa nayo."

"Hujawahi kuwa nayo. Hata siku moja."

Akacheka. Alicheka upande mmoja, kwa kuwa ni upande mmoja tu uliobaki wa kuchekea, na kicheko kikaendelea mpaka mdogo wake akamshika bega. Kisha akauliza alichokuwa akikiogopa.

"Mtoto?"

"Mishipa ya kondo iliziba. Ndiyo maana mkunga alilikuta limekufa vipande."

"Angeishi?"

"Kuna sindano na vidonge tunavyowapa wenye hali yako wakiwa wajawazito, tukijua mapema. Wengi wao wanazaa watoto wazima. Siyo wote. Wengi."

"Na mkono?" Aliuinua ule wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akauweka mezani mbele ya daktari. "Kama ningekuambia ukweli siku ile?"

Daktari angeweza kumdanganya. Aliutazama ule mkono.

"Nisingekusimamishia dawa," alisema. "Lakini na mimi nilikuuliza kama polisi, mlango wazi, watu wanasikia. Nani angejibu? Ningepima tu. Hilo ni langu."

Mdogo wake Misumari hakulala na hasira hizo. Alimsaka fundi wa lifti kwenye jengo la ofisi alikokuwa akifanya kazi, akamtoa ndani ya shimo mbele ya makarani waliovaa tai, akamfikisha kwa daktari akiwa na ovaroli na grisi yake. Daktari alirudia maelezo mbele ya Misumari. Mwanaume alikuwa na mvi sasa. Hakubisha, hakuuliza mara mbili. Aliamini papo hapo, na kuamini huko kulimuuma Misumari kuliko kama angekataa, kwa sababu kulionyesha jinsi ambavyo jambo lile lingekuwa jepesi.

"Ningejua..." alianza.

"Ulinijua mimi," Misumari alisema. Ilimchukua muda kuitamka sentensi hiyo, na mwanaume alilazimika kuisubiri mpaka mwisho.

Alilia pale kwenye benchi, mikono michafu usoni. Misumari hakulia.

Baadaye mwanaume alikwenda kwa mama yake pamoja na mdogo wake Misumari, shemeji yake wa zamani, kumweleza. Kikongwe alikuwa kitandani, macho yamefifia, lakini masikio mazima. Alisikiliza habari ya askari, mafuta na chupa. Akafikiri kidogo.

"Si bado ni damu yake?" aliuliza.

Mdogo wake Misumari alirudi na neno hilo nyumbani likimchoma, akalitema kabla hajavua viatu. Alitegemea dada yake atapandwa na hasira. Misumari alikuwa anajizoesha kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, mkasi ukimtafuna kidole.

"Hapo hajakosea," alisema, akaendelea kukata.

Kwa yule mwanaume aliomba kitu kimoja. Alitaka kuonyeshwa mahali walipomzika mtoto.

Walikwenda asubuhi. Yalikuwa makaburi ya watu wote, pembeni mwa ukuta wa kiwanda cha matofali, na sehemu ya watoto wachanga ilikuwa mwisho kabisa, palipo na mteremko. Mwanaume alitangulia kwa hatua za haraka, akapunguza, akasimama. Majani yalikuwa yamefika magotini. Vilima vidogo vilikuwa vimekaribiana, vingine vimekatwa na mvua, vingine vimezikiwa wengine juu yake.

"Palikuwa na jiwe," alisema. Alikwenda kulia, akarudi. Alipiga magoti akafukua majani kwa mikono. "Ni hapa. Au pale. Mama ndiye aliyeshika alama."

Misumari alisimama ameegemea fimbo akimtazama anavyohangaika kutoka kilima hadi kilima, mpaka akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha. Akatafuta palipo sawa, katikati ya pale na hapa. Akakaa chini kwa shida, mguu mmoja umenyooka. Akaweka mkono mzima juu ya udongo. Hakuwa na jina la kumwita, maana mtoto hakuwahi kupewa. Mwanaume alikaa nyuma yake, mbali kidogo. Baada ya muda alimsaidia kuinuka, naye akakubali kusaidiwa, kwa sababu peke yake asingeweza.

Hawakuonana tena, ila mara mojamoja kwa mbali, barabarani.

Karakana hakuifunga. Aliingia ubia na fundi mwenzake, bonge la mtu aliyeitwa Bwana Sponji, ambaye kwa miaka alikuwa mshindani wake na alimsema vibaya kwa wateja. Huyo anagongelea na kuvuta. Misumari anapima, anachora, anakata, na kumwambia amekosea wapi. Wanagombana tangu mlango unapofunguliwa. Bwana Sponji hunyamaza tu pale mwenzake anapojikata, kwa kuwa damu ya Misumari siku hizi, kwa sababu ya dawa, haitaki kukatika. Jitu lile hugeuka jivu usoni, likatafuta kiti.

Dawa atakunywa maisha yake yote. Ikizidi, anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Ikipungua, donge jingine linaweza kuchukua mkono uliobaki au kumchukua mzima mzima. Kwa hiyo kila mwezi anakwenda kukaa kwenye benchi lile, pamoja na wenye moyo mbovu na wenye miguu iliyovimba, anangoja kuitwa, ananyoosha mkono. Mchukuaji damu amemzoea. Humtania kwamba mishipa yake inajificha kama wadaiwa.

Majibu yakitoka, mdogo wake ndiye anayeyasoma kwanza. Wakati mwingine anasema, "Iko sawa." Wakati mwingine hasemi, anakunja uso, na wanarudi kwa daktari kubadilisha kipimo cha dawa. Kisha Misumari anashika fimbo yake, anaelekea kazini, anapita duka la vioo bila kujitazama, na kumkuta Bwana Sponji ameshaanza kuharibu kochi la mtu.